Mashine Aliyoitaka Marehemu

Palma, 2 Aprili 2014

Shemeji Twalha,

Assalaam alaykum, wewe na mkeo na wanao, na Mtwara nzima iliyotusaidia kumsitiri ndugu yako.

Usishangae kuona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti yangu. Shangazi yenu Alima, anayenisimamia katika eda, aliichukua simu yangu matanga yalipoanuliwa akaifungia sandukuni mwake. Anasema sauti ya mwenye eda haisikiwi na mwanamume wa kando, na shemeji ni wa kando kuliko wote. Nikamwambia huyu Twalha ana mke mmoja na hata huyo anamshinda. Hakucheka. Nikamuuliza, na barua je? Akafikiri, akasema barua haina sauti. Basi tuandikiane. Samiha, yule muuza vitenge, atatubebea kila anapovuka mpaka wa Ruvuma.

Nakuandikia kwa sababu nimekabwa. Kaka yenu Muhamudo ameleta watu wenye viatu vya kung'aa, wamepima uwanja wa karakana kwa futi kutoka ukuta hadi ukuta. Tangu gesi ionekane baharini, mwenye kiwanja Palma anabembelezwa kama bibi harusi. Hao wanataka kujenga nyumba ya wageni. Mimi sikuzaa na marehemu Aiuba, na mirathi inajulikana: robo ni yangu, iliyobaki ni yenu ndugu. Muhamudo anataka kuuza kisha tugawane. Robo ya karakana ni kitu gani, shemeji? Ni mlango na nusu dirisha. Tumeijenga pamoja mimi na mume wangu, yeye akichomelea vitanda na mageti, mimi nikipiga tupa meno ya mbuzi za nazi mpaka vidole vikaota sugu. Nikiipoteza nitarudi Pundanhar kwa wajomba kulima mihogo, na Atumane na mafundi wenzake watatawanyika.

Kinachonisimamisha ni neno lako. Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu kwamba Aiuba, kabla hajakuaga huko Mtwara na kupanda ule mtumbwi uliopinduka, alisema ile mashine ya leza mliyokwenda kuitazama inunuliwe. Baba yenu mdogo, Mwalimu Chamsudine, amelishika neno hilo. Kasema neno la mwisho la maiti ni wasia, na wasia hutangulia mirathi. Kwa hiyo karakana haiguswi hadi mashine ije. Ila nikitoka eda na haijaja, mtagawana.

Mimi mashine hiyo sijaiona. Niandikie ilivyo. Na uniandikie maneno ya Aiuba, neno kwa neno, kama alivyoyasema.

Ni mimi mjane wa ndugu yako,
Sumaia


Mtwara, 9 Aprili 2014

Shemeji yangu Sumaia,

Wa alaykum salaam. Mwambie Shangazi Alima kuwa mke wangu ameisoma barua yako kwa sauti, akarudia mara mbili pale penye kunishinda. Sasa watoto wote wanajua.

Mashine yenyewe ni meza ya chuma, upana wake kama kitanda cha watu wanne. Juu ya meza kuna kichwa kinachotembea, pembeni pana kompyuta. Unachora umbo kwenye kompyuta, unalaza bamba la chuma mezani, unabonyeza. Kinashuka kimwanga chembamba kama uzi, na chuma kinakatika bila kelele ya maana. Hakuna msumeno wala tupa. Mzee Bwanaheri, mwenye mashine, alituchorea ulimi wa mbuzi ya nazi pamoja na meno yake yote. Ulitoka Aiuba hajamaliza kujifuta jasho, meno makali, yamelingana kama ya mtoto. Akaushika, akaugeuzageuza, akacheka kile kicheko chake cha puani.

Maneno yake unayajua, nimekwisha kuyasema mazikoni. Alisema, "Twalha, tununue." Tulikuwa tumekaa nje ya ghala, mimi nimekwenda kuswali Laasiri nimerudi, tukanunua mihogo ya kuchoma. Hapo ndipo aliposema.

Lakini shemeji, wasia nao una mwendo wake. Mashine si mbuzi wa Idd, kwamba lazima apatikane kwa tarehe. Kaa eda yako, lia, pumzika. Kaka Muhamudo nitazungumza naye mimi kwa simu. Ana maneno makali lakini roho si mbaya.

Shemeji yako,
Twalha


Palma, 20 Aprili 2014

Shemeji Twalha,

Umezungumza na Muhamudo. Nimejua, kwa sababu kesho yake alikuja kusimama chini ya dirisha langu, akasema na ukuta, "Wanawake wakikaa ndani wanatunga biashara." Roho yake nimeisikia ilivyo nzuri.

Mimi sina muda wa kupumzika. Sikiliza nilivyopanga. Dhahabu yangu ya harusi ipo. Mama yangu minazi yake ya Afungi imeshahesabiwa na watu wa mradi wa gesi, akilipwa fidia kasema ataniongezea, na mjomba atanikopesha kwanza kwa ahadi hiyo. Atumane ameanza kujenga chumba cha mashine nyuma ya karakana, tofali na saruji, dirisha dogo lenye kioo ili chumvi ya bahari isiingie. Namsikia akibishana na kijana wake juu ya pembe za ukuta. Atumane kafanya kazi na Aiuba tangu siku za kuchomelea chini ya turubai, na sasa anajenga kama anayejenga msikiti.

Kazi pia ipo. Feliciano, anayenunua vifaa vya kambi ya gesi, alimwambia Aiuba mwaka jana kuwa zitahitajika sahani za chuma zenye matundu, nyingi sana, zote zilingane, za kuwekwa chini ya nguzo za nyumba za watu watakaohamishwa. Anayeweza kuzikata sawasawa ndiye atapewa. Kwa mkono hatuziwezi. Atumane mwenyewe amekubali.

Sasa mwambie Mzee Bwanaheri asimpe mtu mwingine. Mwombe asubiri mpaka Idd.

Sumaia


Mtwara, 29 Aprili 2014

Shemeji Sumaia,

Nimekwenda kwa Bwanaheri. Amekubali kusubiri mpaka Idd. Nimetimiza ulilonituma, na sasa nisikilize mimi.

Umeme wenu wa Palma unajijua wenyewe saa ya kuja na saa ya kuondoka. Mashine hii ikizimiwa katikati ya kazi inaharibu bamba, na siku nyingine inajiharibu yenyewe. Ina kioo ndani, kidogo kama sarafu, kikipata vumbi kinapasuka, na cha kubadilisha kinatoka China. Inataka hewa ya mtungi ya kupulizia inapokata, na mitungi hiyo Palma hakuna. Inataka mtu wa kuchora kwenye kompyuta. Je, Atumane atachora? Atumane anaandika jina lake kwa dole gumba.

Halafu jiulize kwa nini Bwanaheri anaiuza. Naye alinunua kwa ajili ya gesi, hii ya kwetu. Alijenga ghala, akaajiri vijana, akakaa kungoja zabuni. Amengoja hadi nywele zimekuwa nyeupe na mashine imefunikwa shuka. Gesi iko chini ya bahari, shemeji, na ahadi zake ziko mbali zaidi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Usiuze dhahabu. Nakuomba kama ndugu.

Twalha


Palma, 8 Mei 2014

Twalha,

Umeme: tuna jenereta ya kuchomelea, na ile kubwa ya Abibo muuza barafu, anaikodisha. Vumbi: nimekuambia chumba kina kioo. Mitungi: inauzwa Pemba ya huku kwetu, inaletwa na magari ya kambi. Kompyuta: Nuria, binti wa dada yangu, amesoma shule ya ufundi, anachora kila kitu hadi ramani ya nyumba ambazo hazitajengwa. Umebakiwa na nini?

Nikuambie ninachokiona kwenye barua zako. Siku ya mazishi ulisimama kifua mbele ukasema tununue. Sasa kila nikipiga hatua moja mbele wewe unanivuta nguo. Kaka yako amekuahidi nini? Nyumba ya wageni ikijengwa mtakaa humo pamoja? Kama umeshauza fungu lako niambie, nijue nina maadui wawili badala ya mmoja.

Mimi nakaa kwenye chumba hiki nimevaa nguo moja, sijipaki manukato, sichungulii nje. Shangazi Alima akilala mchana nasimama ukutani nasikiliza kama bado kuna watu karakana. Hiyo ndiyo starehe yangu. Usiniondolee na wewe.

Sumaia


Mtwara, 17 Mei 2014

Shemeji yangu,

Barua yako imenichoma. Nimeikunja nikaiweka, nikaitoa tena, mke wangu akaniambia nikaoge.

Sijauza fungu langu. Kaka hajaniahidi hata chai. Mimi na Aiuba tulinyonya ziwa moja, na aliponifukuzia mbwa nilipokuwa mdogo, yeye ndiye aliyeumwa. Ungejua ninavyolala ungenionea huruma.

Kila nikikupa hoja unaipangua, na kila ukiipangua najiona nakusukuma shimoni kwa mkono wangu. Mfa maji haachi... nisamehe, kalamu imekimbia. Nimeandika upuuzi na karatasi ni ya mwisho, siwezi kuichana.

Kuna neno siwezi kuliweka kwenye karatasi. Nitakuja mwenyewe. Nitakaa barazani na Mwalimu na kaka na watu wa karakana, niseme mara moja, yaishe. Wewe utanisikia kutoka ndani. Usiuze kitu mpaka nije. Wallahi usiuze kitu.

Twalha


Palma, 28 Mei 2014

Twalha, ndugu yangu,

Usije.

Najua unalotaka kusema. Nimelijua kabla hujausema uongo wako mazikoni. Ulipokwenda kuswali Laasiri, Aiuba alinipigia simu. Alikuwa peke yake nje ya ghala. Akaniambia, "Mashine nzuri mpaka inatisha. Nimeamua hapana. Kile anachokata Atumane asubuhi nzima, yenyewe inakata ukipepesa macho. Nikiileta nitamwambia nini Atumane? Hii inamfaa mtu anayeanza. Mimi nina watu." Kisha akaniuliza kama samaki wamepatikana. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia, na tangu siku ile ninayo hapa kifuani, sijamwambia mtu, hata mama yangu.

Uliposema mbele ya maiti kuwa alitaka tununue, nilijua unanifariji. Nilikuwa nalia, nikiuliza alisema nini, alisema nini, nawe hukuweza kuniambia kuwa mume wangu alikufa akirudi mikono mitupu kutoka safari ya bure. Na pengine uliitaka hiyo mashine mwenyewe. Sikukulaumu. Nilikuomba uniandikie maneno yake nione kama utaniambia kweli ukiwa mbali. Hukuniambia, nikashukuru.

Kwa maana uongo wako ndio unaozuia karakana isianguke. Mwalimu hatazuia mirathi kwa machozi yangu. Atazuia kwa wasia. Siku utakayosema hakukuwa na wasia, Muhamudo atafungua geti siku hiyo hiyo. Mimi robo yangu nitapewa mkononi, na Atumane ambaye Aiuba alimwonea huruma atakuwa hana karakana ya kufukuzwa. Ndiyo, mashine itakula kazi yake. Nitamtafutia nyingine humo humo ndani, ya kuchomelea, ya kusimamia. Bila karakana nitamtafutia wapi?

Nimeshauza dhahabu. Nakuomba kwa haki ya ziwa mlilonyonya. Nyamaza.

Sumaia


Mtwara, 6 Juni 2014

Sumaia,

Nimerudi Mtwara leo asubuhi na naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo sitakuita shemeji.

Umenivua nguo mbele ya wazee. Nilivuka mto ule ule uliomuua ndugu yangu, nikakaa kwenye mkeka barazani kwako, Mwalimu kulia, kaka Muhamudo kushoto, Atumane na mafundi wamesimama ukutani wameshika kofia. Nikasema kweli kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nikasema Aiuba hakutaka mashine. Nikasema sababu yake, kwamba hakutaka kumtoa Atumane kazini. Muhamudo alishaanza kutabasamu, Atumane amejifunika uso kwa kofia.

Halafu nikasikia sauti yako. Mjane aliye eda, wanaume zaidi ya kumi barazani, na sauti inatoka dirishani kama ya mwadhini: "Twalha mwongo! Aiuba alinipigia simu mwenyewe, alisema tununue!" Shangazi Alima alipiga ukelele. Na Mwalimu akanigeukia, akaniangalia kama anayeangalia samaki aliyelala, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Mazikoni ulisema hivi, leo unasema vile. Mjane amesema neno moja tu." Nilitoka pale hakuna aliyenipa mkono. Kwenye shapa, ile daladala yenu, ya kwenda Namoto kivukoni, kondakta alikuwa ameshapata habari.

Nimeandika mpaka hapo, mke wangu akanipa barua yako. Inasema "Usije". Samiha aliileta siku niliyoondoka. Tumepishana naye majini, pengine hata tulipungiana mikono.

Nimeisoma. Nimekaa chini sakafuni, nimeisoma tena.

Hasira imeniisha, na ninatamani ingebaki, kwa sababu iliyokuja mahali pake ni mbaya zaidi. Umelibeba neno lake peke yako tangu siku ile. Mimi nilidhani nimekudanganya, kumbe nilikuwa natwanga maji kwenye kinu chako na wewe unanitazama tu. Basi mimi ni mwongo. Nitakuwa mwongo. Likiniuliza soko zima nitasema Muhamudo alinihonga.

Lakini niambie Mwalimu ameamua nini. Nimesikia fununu ya kiapo.

Twalha


Palma, 19 Juni 2014

Shemeji,

Fununu ni kweli. Mwalimu amesema maneno mawili yamepingana, la kwako na la kwangu, na hakuna shahidi wa tatu. Nikitoka eda nitaletwa barazani, nitaweka mkono juu ya msahafu, niape kuwa Aiuba alisema mashine inunuliwe. Nikiapa, wasia unathibiti na karakana inabaki mkononi mwangu. Nikikataa, Muhamudo anauza.

Nitatoka eda katikati ya Ramadhani. Nitaapa uongo nimefunga.

Shangazi Alima amenirudishia simu. Kasema sauti yangu wanaume wameshaisikia, ya nini kuificha tena. Hanisemeshi kwa lingine lolote. Ananiletea uji, anauweka mlangoni, anaondoka. Ninayo simu na bado nakuandikia, kwa sababu haya nikiyasema kwa kinywa nitalia na kuta zina masikio.

Umeniachia mzigo ambao hukuufikiri. Ulipotaja sababu ya Aiuba, Atumane alikuwepo. Sasa anajua bwana wake aliiacha mashine kwa ajili yake, na anajua mimi nimeita jambo hilo uongo. Chumba cha mashine alikuwa amebakiza paa. Jana alipanda akaezeka, akashuka, akaosha mikono, akaniambia kupitia dirishani, "Bi Sumaia, kazi imekwisha." Sauti yake haina chuki. Ingekuwa na chuki ningejua pa kushika.

Naogopa, Twalha. Sijawahi kuapa hata kwa kuku aliyeibiwa. Babu yangu aliapa uongo juu ya shamba, na mpaka leo Pundanhar watoto wakipita kwenye lile shamba wanapita mbio. Nikiukumbuka msahafu ule wa Mwalimu, ule wa jalada jekundu, nainuka kutawadha tena.

Sumaia


Mtwara, 30 Juni 2014

Shemeji yangu Sumaia,

Usiape.

Nimefikiri mpaka kichwa kimekuwa kizito. Aibu ni yangu, nimeizoea, inanikaa kama kanzu ya kuazima. Dhambi ya msahafu usiichukue wewe. Mwambie Mwalimu huwezi kuapa kwa sababu ya majonzi. Kaka akiuza, fungu langu lote nakupa wewe, kwa maandishi, mbele ya kadhi wa huku. Ukiliunganisha na robo yako utapata kiwanja kidogo nje ya mji, utaanza tena. Atumane atakufuata, naapa... ona, hata mimi kalamu inaniapia.

Kiwanja kidogo nje ya mji hakitakuwa karakana ile, najua. Hakitakuwa na ukuta mlioupaka rangi pamoja. Lakini utaingia humo unaweza kuswali bila kutetemeka.

Naomba unijibu kabla ya siku yenyewe. Samiha nimemwambia asubiri jibu lako hata kama vitenge vyake vitaoza.

Wako katika dhiki hii,
Twalha


Palma, 23 Julai 2014

Shemeji Twalha,

Nisamehe sikukujibu. Nilikwenda barazani bila kujua mkono wangu utafanya nini.

Nilioga, nikavaa nguo mpya alizoniletea dada, nikatoka nje baada ya Laasiri. Jua lilinipiga usoni nikayumba. Watu walikuwa wamekaa, midomo mikavu ya funga. Msahafu ulikuwa juu ya mto, kwenye kiti. Muhamudo alikaa karibu nao sana. Mwalimu akasoma dua, akaniambia, "Binti yangu, kama unajua unachosema, weka mkono."

Nilipiga hatua, Twalha. Nitasema kweli kwako, maana sina mwingine: nilipiga hatua, na nadhani ningeapa.

Atumane akainuka. Akasema, "Mwalimu, shahidi wa tatu yupo. Marehemu alinipigia simu na mimi. Aliniambia, Atumane, jenga chumba, tunanunua. Ndiyo maana nilikijenga." Muhamudo akaruka, akauliza mbona hakusema siku ile. Atumane akajibu kuwa siku ile hakuulizwa, na fundi haingilii maneno ya ndugu. Mwalimu akamuuliza kama ataapa. Atumane akaenda kutawadha kwenye pipa la maji, taratibu, hadi viwiko, akarudi akaweka mkono wake wote juu ya msahafu, ule wenye kidole kilichokatwa na bati, akaapa. Mimi nilisimama pale kama gogo. Ningeweza kupaza sauti. Safari ile niliweza kwa uongo, safari hii sikuweza kwa kweli.

Mwalimu amefunga neno. Karakana ni yangu mpaka mashine ije na baada ya mashine. Muhamudo ameondoka hakuaga.

Watu walipokwisha, nilimfuata Atumane karakana. Alikuwa anakusanya vifaa vyake kwenye gunia. Aiuba hakuwahi kumpigia simu, Atumane hana hata simu, wote walikuwa wamesahau. Nikamwambia asiende, nitampa kazi ya kusimamia, nitampa chochote. Akasema, "Yule bwana alikataa mali kwa ajili yangu, nami sikuwahi kumlipa. Nimemlipa leo kupitia kwako. Lakini siwezi kukaa hapa nikiitazama mashine niliyoiapia. Usinishukuru, bibi. Ukinishukuru utanifanya nione nilichofanya." Akamwambia kijana wake ashike upande wa pili wa gunia. Wamekwenda zao Pundanhar, kulima, kwenye ile mihogo niliyokuwa naiogopa mimi. Asubuhi wengine wawili nao wakaja kuniaga. Wamesema hawataki kufanya kazi mahali alipotoka Atumane.

Nimekaa na Nuria kwenye chumba kipya. Kinanukia saruji. Feliciano amepita, kasema sahani za nguzo bado hazijaamuliwa, pengine mwaka ujao, pengine baada ya uchaguzi, wakubwa wa mradi bado wanajadiliana. Akauliza mashine inakuja lini. Nikamwambia baada ya Idd.

Uliniambia nisiape, na sikuapa. Nilimwacha mwingine aape. Mwambie Mzee Bwanaheri aifunge vizuri kwa magodoro. Ilete, shemeji. Imeshaapiwa.

Sumaia